Babu Yangu Yuko Kunjo la Ngapi?

Msellem bin Shali aliingia Nyumba ya Makumbusho kwa sababu moja tu: nje kulikuwa na jua, na ndani kulikuwa na feni. Nataka hili lijulikane mapema, maana baadaye watu walisema alikuwa amepanga tangu mwanzo, na kumsingizia mtu mipango asiyokuwa nayo ni dhambi, hata kama mtu mwenyewe ni Msellem.

Mwaka ulikuwa wa arubaini na saba. Serikali ilikuwa imechukua nyumba moja kongwe ya mawe nyuma ya Ngome, ikaipaka chokaa, ikaweka ndani mikuki miwili, pembe ya siwa iliyopasuka, picha za meli, na katikati ya ukumbi, ndani ya sanduku la kioo, karatasi. Karatasi ndiyo iliyowaita watu. Ulikuwa ni mkataba wa Mwambao, yale maandiko ambayo Sultani wa Unguja na Waingereza waliandikiana zamani za babu zetu, ndipo sisi tukawa watu wa chini ya bendera mbili bila hata kuulizwa kama moja haitoshi. Nusu yake ilikuwa Kizungu, nusu Kiarabu. Chini kulikuwa na muhuri, na chini ya muhuri pambo la wino: mstari mmoja uliojikunja na kujikunjua kama tambi kwenye sahani.

Hatua mbili kutoka sanduku ilipita kamba nyekundu, na kando ya kamba alisimama askari Ogutu, mtu wa Nyanza, kaptula yake imepigwa pasi mpaka ungeweza kukatia mkate. Kazi yake ilikuwa kusema, "Tafadhali usivuke kamba." Kwa hatua mbili, na kioo kile, na maandiko yale madogo, hapakuwa na mwanadamu Mombasa nzima aliyeweza kuisoma karatasi. Watu walikuja, wakaitazama, wakatikisa vichwa kwa heshima, wakatoka.

Msellem alikuwa chini ya feni, amefumba macho, mzee mmoja kutoka Majengo alipomgusa bega.

"Bwana, wasoma wewe?"

"Nasoma," alisema Msellem bila kufumbua macho.

"Babu yangu alikuwa akisema siku ya karatasi hii alikuwapo. Ati jina lake limetiwa. Nitizamie, Mungu akuweke."

Msellem alifumbua jicho moja, akaitazama karatasi, akaliona lile pambo. Akafumbua la pili.

"Aitwa nani babu yako?"

"Mwinyikai."

"Mwinyikai... Mwinyikai..." Kidole chake kilifuata wino hewani, kikapinda, kikapanda, kikashuka. "Aa! Huyuno hapa. Majina ya mashahidi yamefumwa ndani ya pambo, mzee wangu, ndivyo walivyoandika makatibu wa zamani. Kila kunjo, shahidi mmoja. Babu yako yuko kunjo la kumi na tisa."

Yule mzee alilia. Alilia machozi ya kweli, akampa Msellem shilingi mbili na mkate wa mofa aliokuwa amewanunulia watoto, akaondoka kifua mbele. Msellem alibaki chini ya feni akitafuna mkate na kuyahesabu makunjo.

Sasa nikwambieni kazi yake. Msellem alikuwa shahidi. Hakuwa shahidi wa jambo fulani. Alikuwa shahidi tu, kama mwingine alivyo seremala. Kila asubuhi alikaa kwenye baraza karibu na mahakama, kanzu safi, kofia ya kiua, na wewe uliyekuja kuuza kiwanja au kuthibitisha umri ukakuta shahidi wako amelala na homa, ulimwita yeye. Alitia sahihi kubwa, nzuri, yenye mkia mrefu, na hakusoma kamwe anachokitilia. "Nikisoma nitajua," alikuwa akisema, "na nikijua nitaulizwa." Mara mbili aliulizwa hata hivyo, kwa kushuhudia vifo vya watu ambao baadaye walikuja wenyewe kortini kulalamika. Mara zote mbili alilala Ngomeni, ambako ndiko kulikokuwa na jela, na hakimu alimwahidi kwamba safari ya tatu itakuwa ya miaka saba. Kutoka dirisha la makumbusho, ukuta wa Ngome ulionekana vizuri sana.

Wiki ya kwanza walikuja kumi. Wiki ya pili walijaa. Ogutu alikunywa kahawa ya Msellem kila asubuhi na kuitazama dari, na Msellem aliwapata mababu. Aliwapata manahodha, masheikhe, mshona viatu mmoja. Alimpata hata babu wa Bwana Hakimuddin wa duka la vyuma, ambaye alikuja amevaa koti jeupe na kusema kwa aibu kidogo kwamba marehemu Mulla Tayabali hakuwa mtu wa mikataba, alikuwa akiuza misumari.

"Ndiye!" alisema Msellem. "Mguu wa meza ulivunjika siku ile, Bwana Hakimuddin. Waliotoka mbio kuleta misumari ni kina nani? Bila babu yako, mkataba huu ungeandikwa sakafuni. Kunjo la tisa."

"Kunjo la tisa," alisema Hakimuddin. "Lakini, Maalim, haiwezekani la tano?"

Hapo ndipo Msellem alipoitambua mali halisi. Kumbe kuwamo hakutoshi. Watu walitaka kuwa mbele. Basi akamuuliza kinyozi mmoja wa Mji wa Kale, kwa sauti ya chini, kama ni kweli kwamba viti vya mbele katika baraza la Idi vitapangwa kwa makunjo. Kinyozi hakujua. Kufika adhuhuri mji mzima ulikuwa unajua.

Kisha akatangaza Tafsiri. Makunjo, alieleza, yanasomeka kutoka kulia Kiarabu na kutoka kushoto Kizungu, kwa hivyo nafasi za watu hazijakaa sawa mpaka iandikwe Tafsiri moja ya Kiswahili itakayotundikwa ukutani daima dumu. Na mwandishi wa Tafsiri ni yeye. Nani alimteua? Hakusema, na Mombasa, mtu asiyemtaja aliyemteua hudhaniwa ameteuliwa na mkubwa sana.

Vitu vikaanza kumiminika. Shilingi, pete, saa ya mfukoni. Hakimuddin alitoa cheti cha mabati arubaini mapya, ya kuchukuliwa wakati wowote dukani kwake, ili Mulla Tayabali asogee mpaka la tano. Vyote Msellem alivitia katika mkoba wa ngozi alioufunga kiunoni ndani ya kanzu, akalala nao na kuoga nao, maana katika chumba alichopanga alikaa na watu wa tabia kama yake. Akanunua tikiti ya gari la moshi, daraja la pili, kwenda Kampala. Ijumaa ya wiki ya saba, saa kumi.

Ndipo alipoingia Bimdogo.

Bimdogo alikuwa mwalimu wa chuo cha Kurani cha wasichana pale Kuze, mama wa miaka sitini na kitu, mfupi, mtulivu, na kiongozi wa chama kimoja cha ngoma ya lelemama. Chama cha pili kiliongozwa na Bi Mwanasha, na vyama hivi viwili vilishindana kwa kila kitu: kwa nyimbo, kwa nguo, kwa sinia za biriani, kwa ukubwa wa misiba. Mwaka mzima Bimdogo alikuwa akipita na kikapu kuomba mchango wa paa la chuo chake, maana lilikuwa limetoboka, na watoto walisoma wakihama kutoka kona hadi kona. Masika yalikuwa yabisha hodi. Hakimuddin alimwambia mabati yote yalikwenda vitani, Mama. Wengine walimwambia inshallah, ile inshallah ya hapa kwetu isiyo na tarehe. Msellem mwenyewe alipoliona kapu hilo mtaani alikuwa akibadilisha njia.

Alhamisi baada ya alasiri ilikuwa zamu ya wanawake makumbusho. Bimdogo alifika peke yake na buibui lake.

"Masalkheri, mwanangu."

"Masalkheri, Bi mkubwa. Karibu sana."

"Nasikia wawasoma mababu. Nisomee wangu. Mimi macho yamekwisha, siku hizi hata msahafu nasoma kwa moyo."

"Bi Famau?" alisema Msellem, maana alijua koo za watu kama mwizi ajuavyo madirisha. "Mzee Famau yuko la saba."

"Alhamdulillahi." Bimdogo alisogea karibu. "Na babu yake Mwanasha?"

Sikuambieni uongo: Msellem alijaribu kujizuia. Lakini mtu aliyezaliwa mvuvi akiona mshipi unatikisika, mkono hwenda wenyewe.

"La sita," alisema.

Bimdogo alivuta pumzi. Kisha, polepole, chini ya buibui, akavua bangili mbili zinazong'aa, akaziweka mkononi mwa Msellem. "La tano," alisema.

"La tano lina Mhindi."

"La nne, basi."

Jumamosi, Bi Mwanasha mwenyewe alimsimamisha Msellem barabarani. Alikuwa mama mrefu mwenye sauti ya kuitia mtu aliye ng'ambo. "Wewe! Nasikia babu wa yule mfupi yuko la nne. Wangu yuko la ngapi?" Naye akavua bangili tatu. La tatu. Alhamisi, Bimdogo akaleta mkufu. La pili. Jumatatu, Mwanasha akaleta kidani kizima. La kwanza. Marehemu wale wawili, ambao maisha yao yote pengine hawakuwahi kukimbia, walipanda ile karatasi kama watoto wanaoparamia mnazi, na karatasi yenyewe ilikaa kimya ndani ya kioo isibadilike hata nukta.

Kila Alhamisi Bimdogo alimwomba jambo moja. "Nisomee orodha yote, mwanangu, kutoka la kwanza hata la mwisho. Nataka niwe na hakika nani yuko nyuma yangu." Na Msellem, ambaye kama wajanja wote alipenda kusikilizwa, alimsomea: babu fulani wa fulani, ametoa hiki; babu fulani wa fulani, ametoa kile. Bimdogo alitikisa kichwa na kurudia kwa midomo.

Siku moja alimuuliza, "Na babu yako wewe, Msellem? Hujamtaja."

"Babu yangu?" Msellem alicheka. "Kombo? Babu yangu alikuwa mchota maji, Bi mkubwa. Miaka arubaini akipandisha maji Mji wa Kale kwa mabega yake. Watu wa namna hiyo hawaitwi kwenye mikataba."

"Nilimjua," alisema Bimdogo. "Nilipokuwa mtoto alitutilia maji nyumbani. Alikuwa akiimba."

Msellem hakucheka tena. Akasema amechelewa, akaenda zake.

Dhahabu ile hakuipeleka kwa sonara kuipima. Masonara wa Mji wa Kale ni majirani wa Bimdogo, na siri ukiiweka dukani kwa sonara jioni, asubuhi waikuta sokoni Marikiti ikiuzwa pamoja na bilingani. Ataipima Kampala. Akaandika Tafsiri mbili: moja Mzee Famau wa kwanza, nyingine babu wa Mwanasha wa kwanza. Kila mama atapewa yake Ijumaa asubuhi, kwa siri, na kabla hawajakutana kwenye arusi yoyote, Msellem atakuwa amepita Voi.

Lakini Alhamisi ile ya mwisho, saa kumi na nusu, alisikia ngoma.

Ziliingia kutoka mlango wa kulia, zikiongozwa na Bimdogo. Ziliingia kutoka mlango wa kushoto, zikiongozwa na Mwanasha. Wanawake zaidi ya arubaini, na vyetezo, na udi, na vigelegele, ukumbi ukajaa moshi mpaka mikuki haikuonekana. Upande wa Mwanasha waliimba:

*Babu yetu yuko mbele, babu yenu yuko nyuma,*
*Acheni zenu kelele, mukatafute huruma.*

Upande wa Bimdogo waliuimba wimbo huohuo, kwa sauti zaidi. Ogutu alisema, "Tafadhali musivuke kamba," na hakuna aliyemsikia.

"Msellem!" aliita Mwanasha. "Soma! Mbele ya watu! Nani yuko la kwanza?"

Jasho lilimtoka Msellem mpaka mkoba ukalowa kiunoni. Alitazama mlango wa kulia: wanawake. Mlango wa kushoto: wanawake. Alitazama dirishani: Ngome. Miaka saba. Mkono wake mmoja ulishika Tafsiri hii, mwingine Tafsiri ile, na aliapa moyoni kwamba Mungu akimtoa humu salama ataacha, wallahi ataacha, au angalau atapumzika.

"Subirini, subirini jamani," alisema Bimdogo kwa upole, na wote wakanyamaza. "Kabla hajasoma. Nina kijikaratasi cha chuo kinataka shahidi, na shahidi wangu amelala na homa. Msellem mwanangu, nitilie sahihi, kisha uendelee."

Neno "shahidi" lilimwingia Msellem kama maji ya baridi. Hii ilikuwa kazi anayoijua! Na kila nukta inayopita ni nukta ya kufikiri. Mwanafunzi mmoja alitandaza karatasi juu ya kiti. Mwingine alitoa kalamu ya tete na kidau cha wino.

"Hapa, Bi mkubwa?"

"Hapo. Jina lako, la baba yako na la babu yako. Ndio sheria."

Akaandika: Msellem bin Shali bin Kombo. Aliandika vizuri kuliko siku zote, na mkia wa sahihi akauzungusha mara mbili ili kuvuta wakati. Macho yake hayakugusa maneno yaliyokuwa juu. Miaka ishirini hayakuwahi kugusa.

Bimdogo aliichukua karatasi, akaipulizia wino. Kisha akatia mkono ndani ya buibui, akatoa miwani, akaivaa.

Msellem aliiona ile miwani, akayakumbuka yale macho yaliyokwisha.

"Bismillahi," alisoma Bimdogo, na sauti yake ilikuwa ile ya mwalimu aliyefundisha watoto wa mtaa mzima kusoma, na mama zao kabla yao. "Mimi ambaye sahihi yangu iko chini, nakiri mbele ya mashahidi kwamba nimepokea mali kwa wajukuu wa marehemu wafuatao, nayo iko mkobani kiunoni mwangu. Na mali hiyo yote naikabidhi leo iwe wakfu wa paa la chuo cha wasichana cha Kuze, usiouzwa wala kurudishwa, na thawabu zake ziwaendee marehemu hao." Akafuatia na majina. Alisoma majina yote, mmoja baada ya mmoja, babu fulani wa fulani, bila kukosea hata mmoja, na kila jina lilipotajwa, wanawake waliitikia, "Mungu amrehemu."

"Uongo!" alisema Msellem. "Hii ni... mimi sikusoma!"

"Hukusoma?" Mwanasha alishika kiuno. "Ogutu, umesikia? Shahidi wa mahakama asema hutia sahihi bila kusoma. Twende tukamwambie hakimu?"

"Laa, laa, Bi Mwanasha. Sikusema hivyo."

"Basi sema tena vizuri. Mali hii ulikuwa umeichukulia nini?"

Nje, mlinzi wa jela alikuwa akibadilishana zamu na mwenzake. Viatu vyao vilisikika barabara. Msellem aliwaza maneno yote aliyowahi kuyasema maishani, na kwa mara ya kwanza hakuona hata moja la kumfaa.

"Ya chuo," alisema.

Vigelegele! Walipiga vigelegele mpaka feni ikasikika inatetemeka. Mkoba ulifunguliwa na mikono ya akina mama, ukamwagwa juu ya kitambaa. Bimdogo alichukua cheti cha Hakimuddin, akakisoma kwa miwani yake, akatabasamu kwa mara ya kwanza. "Mabati arubaini. Kumbe yamerudi kutoka vitani salama." Kisha akaokota bangili, mkufu na kidani, akampa Mwanasha vyake. "Hivi ni vyetu. Ni vya ngoma."

"Vya ngoma?" Msellem aliuliza.

"Shaba, mwanangu. Twavichovya maji ya dhahabu kila mwaka kabla ya arusi. Ulidhani mwalimu wa chuo ana dhahabu ya kuchezea?"

"Nyinyi mwashirikiana!" Msellem aliwanyooshea kidole wote wawili, karibu kulia. "Mji mzima wajua hampatani!"

"Hatupatani," alisema Mwanasha kwa ukali. "Na ngoma ya kuezeka paa itakuwa yetu, si yao, hilo lishaamuliwa. Lakini wajukuu wangu wawili wasoma chini ya tundu lile."

"Mwaka mzima nilipita na kapu," Bimdogo alisema. "Sikupata hata msumari. Nikaona wewe wapita na babu za watu, na mji watoa mpaka saa za mfukoni. Nikasema, aa, basi Mungu amejaalia tu kwamba mchangishaji awe Msellem. Ila walikuwa wakikupa kidogo mno, mpaka tulipoanza kushindana mimi na Mwanasha, kila mtu akaogopa kuachwa nyuma."

"Watakuja kuzidai, wenyewe!" alisema Msellem. Ilikuwa risasi yake ya mwisho.

"Nani?" Bimdogo aliuliza. "Nitajie mmoja. Nani katika mji huu atakuja mbele yangu aseme, nirudishie sadaka ya babu yangu aliye kaburini?"

Msellem alifikiri. Alikunja kidole kimoja, akakikunjua.

Bimdogo aliikunja karatasi, akaitia kifuani. Alipofika mlangoni aligeuka. "Majina tutayachora kwenye boriti, kila marehemu na boriti yake. Njoo Jumapili utusaidie kubeba chokaa." Wakatoka wote, kila chama kwa mlango wake, kila kimoja kikiimba kwamba ushindi ni wake.

Msellem aliketi sakafuni chini ya feni. Ogutu alianza kukunja kamba, maana saa ya kufunga ilikuwa imefika.

"Wewe hukuwahi kuniuliza, Ogutu," alisema Msellem. "Mji mzima umeniuliza. Wewe hukutaka babu yako awemo?"

"Babu yangu hakuwahi kuiona bahari, Bwana Msellem. Angekuja kufanya nini?" Ogutu alipangusa kioo kwa kitambaa. "Lakini kuna kitu nimetaka kukuuliza siku nyingi. Kile kibao cha Kizungu hapo ukutani, wewe ulikisoma?"

"Mimi Kizungu sisomi."

"Kimeandikwa hii ni nakala. Karatasi yenyewe iko Ulaya, kwenye kabati. Hii walipiga chapa tu, watu waone ilivyo."

Msellem alimtazama Ogutu. Akaitazama karatasi. "Wiki saba," alisema polepole, "wiki saba nimekuwa nikiwapandisha na kuwashusha wafu wa watu juu ya nakala?"

"Ndiyo, Bwana. Mimi nilidhani unajua." Ogutu alichukua funguo zake. "Kwa hesabu yangu, karatasi ya asili iliyoingia humu ni moja tu, ile ya wale mama. Na wameondoka nayo. Simama basi, nafunga."

Gari la Ijumaa liliondoka na kiti kimoja kitupu cha daraja la pili. Sijui kwa nini hakwenda. Wengine husema alikosa pesa za kula njiani. Yeye mwenyewe husema alichelewa. Jumapili alionekana Kuze, kanzu imepandishwa hadi magotini, akibeba chokaa na kumnung'unikia kila aliyepita.

Masika yalipiga wiki mbili baadaye, tena kwa hasira. Msellem alikuwa akipita njia, akakimbilia chuoni kujikinga. Wasichana walikuwa wakisoma kwa sauti, vitini mwao, bila kuhama kona. Juu yao mabati yalinguruma, na chini ya mabati zilipangwa boriti, kila moja na jina limechorwa kwa wino mweusi. Msellem aliinua macho kwenye boriti ya kwanza, ile ya juu ya mlango ambayo kila aingiaye lazima aione. Akaisoma. Akaisoma tena, maana hakuamini. *Kombo, mchota maji, aliyeupa mji huu maji miaka arubaini.*

Alikuwa bado amesimama hapo, maji yanamchuruzika usoni, mengine ya mvua, Hakimuddin alipoingia na mwavuli wake. Naye aliinua macho, akahesabu kwa kidole, akakunja uso.

"Maalim," alinong'ona, akamvuta Msellem kando. "Mulla Tayabali wamemweka ya tano. Nashukuru. Lakini wewe wajuana na akina mama hawa. Kama ingewezekana awe ile ya kwanza, ya mlangoni... nina mabati thelathini mengine. Yako wewe, si ya chuo. Hakuna mtu atakayejua."

Mabati thelathini! Bei ya mabati mwaka ule mwaijua. Msellem alilamba midomo. Wallahi alifikiri, sitamtetea. Alifikiri mpaka wasichana wakamaliza ukurasa na kufungua mwingine.

"Bwana Hakimuddin," alisema mwishowe, "ile ina mwenyewe."

Akajifunika kofia vizuri, akatoka kwenye mvua.